Gari Linalonguruma Akipanda Mama

Alhamisi, jioni. Manyunyu tangu mchana, yale ya kutoka ziwani ambayo hayalifai shamba wala hayakuachi ukauke.

Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Nimechemsha chai nikaisahau jikoni. Nilifungua kompyuta niandike makala niliyowaahidi kuhusu kahawa yetu na wanaoinunua, nikaweka kichwa cha habari, nikakwama hapo hapo. Akili yangu haipo hapa nyumbani Hamugembe. Ipo Kimwani, kibarazani kwa mama yangu, inangoja Jumapili.

Wanaopita hapa mara kwa mara wanajua kwamba nina gari, maana nimelipigia kelele vya kutosha. Kwa mgeni nieleze. Mama yangu ni mjane, anaishi peke yake Kimwani, wilaya ya Muleba, katika nyumba iliyozungukwa na migomba aliyoipanda na baba. Moyo wake unahitaji daktari, na daktari anayemwamini yuko hapa mjini Bukoba. Mdogo wangu Koku, anayeishi Mwanza, alitaka Mama ahamie kwake, kwenye nyumba yenye vigae sakafuni na hospitali kubwa jirani. Kaka yetu Muta, wa Dar es Salaam, hukubaliana na yeyote aliyezungumza mwisho. Mimi nilikataa. Nilisema Mama hang'olewi kibanjani kwake, kwenye shamba lake la nyumbani, kama mche wa kitalu. Nilisema nitanunua gari, nitamfuata kila siku ya kliniki, nitamleta na kumrudisha. Niliyaandika hayo kwenye kundi letu la familia kwa urefu ambao nadhani hakuna aliyeufikia mwisho, na wote wakanyamaza.

Nilishinda. Kushinda kwa maneno ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, darasani nilipofundisha historia na sasa hapa kwenye blogu.

Lakini kwa ushindi huo nilijifunga mwenyewe: gari likishindwa, Mama anahama.

Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, rangi ya fedha, limeshatumika kwao na kwetu. Nililinunua kwa Yonazi, kijana anayeuza magari hapa hapa Hamugembe. Miaka yote nimeendesha gari la gia za mkono, la marehemu mume wangu, lile ambalo mguu wa kushoto haupumziki. La otomatiki sikuwahi kuligusa. Yonazi aliniambia, "Mama, hili wewe weka D, kanyaga mafuta, mengine liachie lenyewe." Nikaliachia. Nilifurahi mno kuendesha bila kushika mkono wa gia. Mkono wangu wa kushoto, kwa mara ya kwanza barabarani, ukawa huru kunisaidia kuzungumza.

Safari ya kwanza ya kumleta Mama ilianza vizuri. Tulikuwa tumeshaiacha Muleba nyuma, tunateremka, Mama ameketi kando yangu na kanga ameitandaza magotini kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Ghafla gari likanguruma. Injini ilipaza sauti kama mtu aliyekanyagwa kidole, mwendo ukapungua bila mimi kugusa breki, kichwa changu kikaenda mbele kidogo. Nikakanyaga mafuta. Kelele ikazidi, mwendo haukuongezeka sana. Tukaenda hivyo mteremko mzima. Tulipofika tambarare likatulia, likawa laini tena, kana kwamba si lenyewe lililokuwa likipiga mayowe.

Nilimtupia Mama jicho. Midomo yake ilikuwa inacheza na mkono wake wa kulia ulikuwa chini ya kanga. Mama ni Mkatoliki wa rozari, hasafiri bila rozari. Nikajua anasali. Mimi niliyeolewa kwa Walutheri nikamwonea wivu kwa kuwa na kitu cha kushika.

Siku ya kumrudisha, vilevile. Kliniki iliyofuata, kwenda na kurudi, vilevile. Kila mteremko mkali, mngurumo, mwendo kukatika, halafu kutulia. Lakini nikiwa peke yangu, mlima kwa mteremko, gari lilikuwa kimya kama paka aliyeshiba.

Nililipeleka gereji kwa fundi Projestus. Akaliendesha mpaka Kanazi na kurudi, mimi nimekaa kando yake nikisubiri kelele kama mtu anayesubiri shahidi wake mahakamani. Hakuna kilichotokea. Akazima injini, akafuta mikono.

"Mama, gari halina shida. Labda ni unavyoliendesha."

Wanawake mnaosoma hapa mnaijua kauli hiyo. Nimeambiwa labda ni ninavyofundisha, labda ni ninavyozungumza na mume, labda ni ninavyovaa, na sasa labda ni ninavyoendesha. Nilimjibu kwa urefu. Wateja wengine wa gereji waliacha walichokuwa wakifanya wakasikiliza. Mwisho Projestus akabadilisha mafuta ya gia, si kwa sababu yalihitaji kubadilishwa bali kwa sababu nilisimama pale mpaka akayabadilisha.

Mteremko uliofuata nikiwa na Mama, mngurumo.

Ndipo nilipomwendea Yonazi kwenye kibaraza chake, mbele ya watu waliokuja kutazama magari. Sitarudia niliyoyasema. Kisha nikaja hapa nikaandika ile makala ya jinsi nchi yetu ilivyogeuzwa jalala la vyuma vya watu wengine, na jinsi vijana wetu wenyewe wanavyotuuzia jalala hilo likiwa limepakwa rangi. Wengi mliisambaza. Jina lake sikulitaja, lakini Hamugembe si kubwa kiasi hicho. Niliambiwa kwamba baadhi ya wateja wake wameanza kuvuka barabara wakimwona. Nikaona sawa, ndiyo kazi ya kalamu.

Baada ya hapo nikaanza kusoma. Mimi nikipambana na kitu lazima nikisome. Nilisoma kwenye mtandao malalamiko ya wenye magari wa kila pembe ya dunia, nikajifunza kwamba mafuta ya gia hupata moto gari likibeba mzigo mzito milimani, na gia zikipata moto huanza visa. Nikasimama katikati ya sebule nikapiga paja.

Ndizi!

Asiyetoka kwetu huenda asielewe. Huwezi kutoka nyumbani kwa mama yako Kagera ukiwa na mikono mitupu. Unapowasha gari, buti lazima liwe na mkungu, na kama mwaka ni mzuri, mitatu. Huuombi. Mama amekwishaukata kabla hujaamka, umelala mlangoni ukidondosha utomvu, na majirani wanaopita wanaona kwamba nyumba hii bado inazaa na mtoto wake bado anakula humo. Kila nilipomchukua Mama kwenda kliniki tulibeba ndizi. Nikimrudisha, buti lilikuwa na sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, safari moja mfuko wa saruji. Kwa hiyo Mama akiwemo, mzigo upo. Mzigo ukiwepo, gia zinapata moto. Kesi imekwisha.

Kulikuwa na ushahidi dhidi yangu, na niliuona. Nikishamshusha Mama, nilirudi Bukoba peke yangu na ndizi nyingine ndani ya buti, na gari lilikuwa kimya. Nilijiambia kwamba lazima tuhesabu na uzito wa Mama. Mama ambaye nikimshika mkono nahisi nimeshika kuku. Jambo lililokuwa likiharibu hoja yangu nililisukuma pembeni, mimi ambaye nimewatukana wanasiasa hapa kwa kosa hilo hilo.

Basi kliniki iliyotangulia hii ya jana nikafika Kimwani, nikakuta mkungu mlangoni, mkubwa, kijani kibichi. Nikasema, "Mama, leo tusibebe ndizi. Gari haliwezi."

"Haliwezi, au hutaki?"

"Haliwezi, Mama. Linaumia."

Aliutazama mkungu. Kisha akamwita jirani yake aliyekuwa akipalilia ng'ambo ya njia, akamwambia aje achukue. Jirani akaja, akanitazama mimi, akatazama gari, akajitwisha mkungu bila kuuliza. Mama akaingia garini akakunja mikono kifuani.

Na gari likaenda kimya.

Mteremko wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Nilitaka kupiga makofi. Nilimweleza Mama yote kuhusu joto la mafuta ya gia, nikamweleza jinsi Projestus na Yonazi watakavyoaibika, na Mama akatazama migomba ya watu inayopita dirishani, mikono kifuani, mpaka tukaingia mjini. Siku ya kumrudisha sikuweka hata kilo ya sukari kwenye buti. Kimya tena, kwenda mpaka mlangoni kwake. Niliporudi Hamugembe nilikuwa nimeshaandika nusu ya makala kichwani.

Jumamosi Koku akaandika kwenye kundi la familia. Mama amempigia simu. Mama amesema yuko tayari kuhamia Mwanza. Akaweka na picha za mikono miwili inayoomba, tatu mfululizo. Muta akajibu, "Ni jambo jema." Koku akaongeza, "Dada mkubwa vipi, leo hamna hotuba?"

Nikaizima simu.

Nimezipitisha siku hizi zote kama mtu aliyepoteza funguo. Nimewagombeza wauza samaki. Nimejibu maoni ya wasomaji kwa ukali ambao hawakustahili. Wawili nimewaomba radhi, wa tatu alistahili. Kila saa nilijiuliza nimekosea wapi, na kila nilipokaribia jibu niligeuka nikamlaumu Koku.

Jana nilimleta Mama kliniki, akalala kwangu. Leo asubuhi nikamrudisha. Buti tupu, gari kimya, Mama kimya. Tulipita Kanazi hakuna neno. Tulipita Muleba hakuna neno. Sikuweza kuvumilia zaidi, nikaanza kuzungumza. Nilimweleza Mwanza ni nini. Nilimweleza kuhusu mji usiomjua mtu, kuhusu wazee wanaokaa ndani wakitazama televisheni isiyozungumza lugha yao, kuhusu migomba yake itakavyoingiwa na magugu na binamu zetu watakavyoanza kusogeza mipaka. Nilikuwa nazungumza vizuri, nalijua hilo nikizungumza vizuri. Mguu wangu wa kulia nao ulikuwa unazungumza, maana tulikuwa tunateremka kwa mwendo ambao sasa nikiufikiria nasikia aibu.

Gari likanguruma.

Mngurumo uleule, mwendo ukakatika, kichwa mbele. Na buti tupu! Hamna mkungu, hamna sukari, hamna chochote. Hoja yangu yote, ile niliyomkatalia mama yangu ndizi kwa ajili yake, ilikufa pale pale mteremkoni.

Nikaegesha pembeni. Nikatoka, nikafungua boneti, ingawa sijui kinachokaa ndani ya boneti zaidi ya betri. Nikaipiga boneti kofi. Bodaboda mmoja aliyekuwa akipita akasimama.

"Shikamoo Mama. Limechemka?"

"Marahaba. Halijachemka, limelaaniwa."

Ndipo Mama alipotoa kichwa dirishani. "Kemi! Mwana wange, rudi twende. Nimeshaliachia."

"Umeachia nini, Mama?"

"Gari."

Nikaenda dirishani kwake. Akaifunua kanga yake kama anavyofunua chungu kuonyesha kwamba chakula kimeiva. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekaa juu ya mkono wa gia, kwa starehe kabisa, mkono uliokaa pale mara nyingi. Kidole chake kimoja kilikuwa juu ya kitufe kidogo cha ubavuni, kitufe ambacho mimi, msomi, nilidhani ni sehemu ya urembo.

"Hii breki ya abiria," akasema.

Yule wa bodaboda aliinama juu ya usukani wake akacheka mpaka akakohoa. "Bibi! Kumbe unaendesha gari bila leseni!"

"Na wewe unayo?" Mama akamuuliza.

Akaacha kucheka, akawasha pikipiki yake akaondoka.

Nieleze kitu kinavyofanya kazi, maana baadaye nilikijaribu mara nyingi kama mtoto na swichi ya taa. Kitufe kile kikibonyezwa kinalizuia gari kutumia gia yake ya juu kabisa. Ukiwa kwenye mwendo mkubwa, gari linashuka gia moja chini, injini inapiga kelele na mwendo unapungua. Ukikibonyeza tena, linarudi kama kawaida. Kuna na taa ndogo ya njano kwenye dashibodi inayowaka kila kinapobonyezwa. Sijawahi kuiona kwa sababu mimi ni mfupi na duara la usukani linaifunika. Gari halina ugonjwa wowote. Halijawahi kuwa nao.

Mama alikijua kitufe hicho tangu safari ile ya kwanza. Anasema kabla hatujafika Muleba nilikuwa natafuta miwani yangu kwa mkono wa kushoto, nikaugusa mkono wa gia, gari likaguna na kupunguza mwendo; nikagusa tena likaendelea. Mimi sikumbuki, bila shaka nilikuwa nazungumza. Yeye aliona. Alifikiri kwamba waliolitengeneza gari hili ni watu wenye adabu, wamemkumbuka na anayekaa pembeni. Kwa hiyo kila nilipomwogopesha mteremkoni alikibonyeza, na hatari ilipopita alikiachia.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Nilikuambia polepole."

"Lini?"

"Siku zote. Nikisema polepole, unanijibu. Unanieleza barabara ilivyojengwa, unanieleza serikali, unanieleza mabasi. Hupunguzi." Akakigusa kitufe kwa kidole, taratibu. "Hiki nikikiambia, kinapunguza. Hakibishani."

Hakibishani.

Nimeitwa mengi katika maisha yangu na watu waliokusudia kuniumiza, na nikalala usingizi mzuri. Neno hili lilisemwa na mtu asiyekusudia chochote, na sijui niliweke wapi.

Nilirudi kwenye kiti changu lakini sikuwasha gari. Nilimuuliza kuhusu siku ile ya ndizi, kwa nini siku ile gari lilikuwa kimya. Akatazama mbele.

"Siku ile hata ungetutumbukiza ziwani, sikujali."

Nikamweleza kwamba nilidhani ni uzito. Nikamweleza mafuta ya gia na joto na milima. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mimi simfanyii.

"Mikungu mitatu? Gari linalobeba watu watano?"

"Nilisoma, Mama."

"Ulisoma," akasema. Basi. Hilo moja tu, kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia nilipokuwa naleta ripoti ya shule yenye alama nzuri za kila somo na maoni mabaya ya tabia.

Halafu nikafanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya kabla ya kununua gari, kabla ya kuandika kwenye kundi la familia, kabla ya kupigana na Koku. Nilimuuliza anataka kuishi wapi.

Alikunja pindo la kanga yake. Lori la mchanga lilitupita, gari letu likatikisika. "Koku alisema nitahama," akasema. "Wewe ukasema sihami. Muta akasema sawa, halafu akasema tena sawa. Ai waitu, mimi nilikuwa nasubiri mtakapomaliza."

"Tumemaliza, Mama. Unataka nini?"

"Jumapili baada ya misa, wapigie wote simu kwa pamoja, ile ya kuonana. Nitasema mwenyewe."

"Niambie mimi kwanza."

"Hapana. Utasikia na wenzako."

"Mama, ulimwambia Koku utakwenda. Ulisema kwa sababu ya ndizi?"

"Washa gari, Kemi. Na hapo mbele pana kona."

Nikawasha. Tulikwenda mwendo wa maandamano ya Ekaristi. Mkono wake ulirudi juu ya mkono wa gia, safari hii bila kanga. Sikusema kitu juu ya hilo, wala juu ya jambo lingine lolote, mpaka Kimwani. Mara moja alinitazama kuona kama naumwa.

Nilipokuwa naaga alikwenda nyuma ya nyumba na panga. Nilisikia mgomba ukilia, kisha majani yakiburuzwa. Akaja na mkungu ameukumbatia, nikakimbia kumpokea, akakataa, akauweka mwenyewe ndani ya buti. Akaenda akaleta wa pili. Jirani wa ng'ambo ya njia alisimama na jembe lake akatazama yote bila kujificha. Mama akampungia mkono.

Njia nzima ya kurudi nimeijadili mikungu hiyo. Mtu anayebaki nyumbani kwake humpa mtoto ndizi. Na mtu anayehama, je? Naye hugawa ndizi, zisije zikaivia kwenye mgomba zikaliwa na ndege. Nilikata kauli kwamba anabaki. Kufika Kanazi nikakata kauli kwamba anahama. Alikata miwili, angekuwa anabaki si angekata mmoja? Au miwili ilikuwa ya kufidia ule aliochukua jirani? Gari lilikuwa kimya njia nzima na buti limejaa, likinisuta.

Nilipofika nilimpigia Yonazi. Nilimwambia ukweli wote, pamoja na Mama na kanga. Nikajiandaa kutukanwa. Kisha akasema, "Mama, sasa hiyo nayo utaiandika?" Nikasema ndiyo, ndiyo hii. Akasema, "Na jina langu uliweke safari hii." Nimeliweka. Yonazi aliniuzia gari zima, na mwenye shaka akamwone kwenye kibaraza chake. Ile makala ya jalala la vyuma nimeiongezea maelezo juu kabisa. Sijaiondoa. Hoja yake bado iko palepale, magari mabovu yanaingia na watu wanakufa humo. Kilichokufa ni mfano wangu. Projestus nitamwendea kesho uso kwa uso. Alisema labda ni unavyoendesha, na linaniuma kwamba alikuwa sahihi kwa sababu asiyoijua, kwa hiyo nitamwomba radhi kwa jibu lakini si kwa hasira.

Hayo ni madogo. Yanarekebishika, ndiyo maana nimeyafanya haraka.

Koku ameandika tena. Anauliza kama Mama ameanza kupanga vitu vyake, anasema chumba kimeshapakwa rangi. Nilimwandikia aya tatu. Zilikuwa aya nzuri. Ya pili ingemtoa machozi. Sikuzituma. Nimetuma mstari mmoja: Mama anaomba tuzungumze naye sote Jumapili baada ya misa, atasema mwenyewe. Muta amejibu sawa. Koku ameuliza, "Umemwambia aseme nini?" Sina haki ya kukasirikia swali hilo. Miaka yote nimekuwa nikiwaambia watu waseme nini.

Simu ya kuonana itakuwa mikononi mwangu, kibarazani kwake, kwa sababu yeye hajui kuishika. Nitakuwa nimekaa pembeni yake. Ninazo hoja zote za kumtaka abaki, zimejipanga, sijawahi kuwa na kesi nzuri kama hii. Koku naye anazo zake, na leo nikiwa peke yangu hapa naweza kukiri kwamba moja au mbili ni nzito: moyo ukimshtukia usiku, Kimwani hamna Kemi wala gari. Hilo sikuwahi kulijibu. Nililizungukia.

Je, nitaweza kukaa dakika zote hizo nimefunga mdomo, na uso wangu pia nimeufunga, asije akasoma humo ninachotaka akaamua kunifurahisha?

Akisema anabaki, nitabeba ndizi zake kila safari mpaka buti lisifunge. Akisema Mwanza, nitampeleka mwenyewe, mpaka mlangoni kwa Koku, kwa mwendo anaoutaka yeye. Sentensi hiyo imenichukua muda mrefu kuliko makala yoyote ya mwaka huu, na bado sijaipenda.

Nimeiacha ilivyo.